Tumbo la Mama Mkwe Ukutani

Jumanne, 9 Julai

Habari kubwa! Msimamizi wetu wa chumba cha kamera anastaafu. Anaacha kiti chenye magurudumu na ufunguo wa kabati la chai. Daktari amesema atachagua mrithi kati ya watu wawili: mimi na Bi Kipimo. Nimejitia sijali. Moyoni nilishakikalia kile kiti na kuzunguka nacho.

Watu wakisikia kazi yetu hucheka. Wacheke tu. Mgonjwa anameza mpira wenye kamera, Daktari anatazama tumbo kwenye skrini. Shida ni kwamba tumbo tupu si tupu. Lina povu, lina ute, na chini ya povu kinaweza kujificha kidonda. Ndiyo maana tupo sisi wawili, waandaaji wa matumbo. Kikombe cha maji ya uvuguvugu, matone ya kukata povu, unga wa kuyeyusha ute. Mgonjwa anakunywa, anaingia. Basi. Bi Kipimo ndiye anayeifanya ionekane kama kazi ya kurusha ndege. Jina hilo tumempa sisi wafanyakazi wenzake, kwa sababu hata chumvi ya yai huipima kwa bomba la sindano.

Daktari naye ana mtindo wake. Kila Ijumaa huchagua picha ya tumbo lililoonekana vizuri kuliko yote wiki hiyo, akaibandika kwenye ubao wa chumba cha chai. Jina la mgonjwa haliandikwi. Jina la aliyemwandaa huandikwa, tena kwa herufi kubwa. Ubao umejaa Bi Kipimo toka juu hadi chini. Mimi nina picha moja, ya mwaka juzi, na Bi Kipimo huwaambia wageni kwamba mgonjwa yule alikuwa amesusa chakula kwa ugomvi na mkewe.

Leo mgonjwa wangu, dereva wa lori, alikuwa povu tupu. Daktari akasonya. Akauliza kama nimemwandaa mgonjwa au nimemfulia nguo. Bi Kipimo alicheka mpaka kofia ikamvuka. Tutaona nani atacheka akiwa amesimama, na mimi nimekaa!

Jumatano, 10 Julai

Nimempeleleza. Nilijibanza nyuma ya pazia nikijifanya nakunja mashuka. Siri yake ni hii: anawanywesha mapema, halafu anawalaza na kuwageuza. Ubavu wa kushoto, ubavu wa kulia, kifudifudi, chali. Taratibu, kama anakaanga samaki. Na mdomo haupumziki! Anawaambia wana bahati ya kuangukia kwake, maana upande wa pili watu hutoka na povu hadi puani. Upande wa pili ni mimi.

Nikafikiri. Kama kugeuka kidogo kunasaidia, kuruka kutasaidia zaidi. Nashangaa madaktari wamesoma miaka yote ile bila kuliona hili.

Nilikuwa na wagonjwa watatu: mwalimu mstaafu, mama muuza vitambaa na kijana fundi bomba. Nikakoroga vikombe kwa nguvu zangu zote ili dawa ikolee, mpaka vikaumuka juu. Nikaona ni dalili njema. Wakanywa. Nikawapanga kwenye ujia. Mikono kiunoni! Ruka! Mwalimu akauliza kama jambo hili limeandikwa popote. Nikamwambia ni mbinu mpya. Akaruka, maskini, huku ameshikilia suruali. Mama muuza vitambaa akasema yeye haruki mbele ya wanaume, labda achuchumae. Nikamruhusu achuchumae.

Matokeo. Fundi bomba alitapikia viatu vyangu, vile vya ngozi. Wale wawili walikuwa na povu ambalo Daktari anasema hajapata kuliona tangu aanze kazi. Alitoka nje na glavu zake mkononi akauliza nani ameanzisha timu ya michezo. Bi Kipimo akaninyooshea kidole. Hata kusita hakusita, yule mwanamke!

Alhamisi, 11 Julai

Nimeamka na akili mpya. Kwa nini nihangaike kuandaa, wakati kuna walioandaliwa tayari?

Upande wa Bi Kipimo, kitanda cha mwisho, alilazwa karani mmoja mnene. Peke yake, pazia limevutwa. Nikajua mara moja. Huyo ndiye johari yake ya wiki, anamficha kwa ajili ya picha ya kesho. Bi Kipimo alipokwenda kuchukua mashuka, nikakisukuma kitanda mbio mpaka kwa Daktari. Nikatangaza kwamba huyu ni wangu, nimemwandaa kwa mikono yangu. Karani akataka kusema kitu. Nikamwambia Daktari hapendi maneno mengi, nikampulizia dawa ya ganzi kooni. Maneno yakaisha.

Skrini ikawaka. Maharage! Maharage mazima, na mkate, na kitu chekundu tulichokubaliana kwamba ni nyanya. Daktari akauchomoa mpira upesi, amebadilika rangi. Akasema chakula kile kingeweza kupanda na kuingia kwenye mapafu, na mtu akatufia hapa hapa kitandani. Akauliza ni nani aliyemwandaa. Bahati mbaya nilikuwa nimeshajibu kabla ya kuulizwa.

Bi Kipimo akaingia na mashuka yake. Akaeleza, kwa sauti ya kusikika hadi mapokezi, kwamba alimtenga karani makusudi. Jamaa alikiri kuwa njaa ilimshinda, akapitia mkahawani. Alikuwa anangoja kupangiwa siku nyingine. Niliyoambiwa baada ya hapo siyaandiki. Huenda wajukuu wakaja kuisoma shajara hii.

Lakini niulize: kwa nini hakubandika tangazo kwenye pazia? Uzembe wake umeniponza mimi.

Ijumaa, 12 Julai

Picha ya wiki: Bi Kipimo. Tumbo la waridi, linang'aa, kila kunjo linaonekana. Amekunywa chai akiwa amesimama mbele ya ubao, akirudi nyuma na kusogea mbele kama mtu anayetazama nyumba aliyoijenga mwenyewe.

Nyumbani, shida. Mama mkwe, ambaye anaishi kwetu na hunisalimu anapotaka, ameanza tena kushika tumbo. Chakula anakisogeza pembeni. Mke wangu alinisubiri mlangoni, hata viatu sijavua. Akasema mama amepungua, nguo zinamning'inia, na yeye amechoka kusikia kwamba ni gesi. Aliyesema ni gesi ni mimi. Nikampigia Daktari simu palepale. Akasema mlete Jumatatu, asile kitu toka usiku.

Nilipokata simu nikaona mke wangu analia kimyakimya juu ya sinki. Nikaogopa kweli. Mama mkwe ni mtu wa kunitukana asubuhi na jioni, lakini nyumba bila sauti yake siijui itakuwaje. Nikamwambia mke wangu asiwe na wasiwasi, nitamwandaa mama mimi mwenyewe. Akasema, "Baba Watoto, nakuomba. Huyu ni mama yangu. Usilete mambo yako."

Mambo yangu! Mambo gani?

Baadaye, kitandani, likanijia wazo. Mama mkwe hali. Tumbo lake litakuwa safi kama sahani ya mgeni. Daktari ataona kila kitu, mama atapona, picha itapanda ubaoni kwa jina langu, nami nitakaa kwenye kiti. Yote kwa kikombe kimoja! Nililala nikitabasamu.

Jumapili, 14 Julai

Kikwazo. Mama mkwe amesikia kwamba dawa ina ladha ya maji ya sabuni. (Nani amemwambia? Mimi, lakini kwa utani.) Amekula kiapo kwamba hatameza uchafu wowote kutoka mkononi mwangu. Alishameza ndoa yetu, kasema, na hiyo bado haijashuka.

Sikukata tamaa. Nikajaribu kwanza mazoezi ya kugeuka. Nikamwomba alale chali kwenye kochi, kisha ubavu, nami nisimame pembeni nikihesabu. Akanirushia mto. Nikamwambia ni sayansi. Akanirushia wa pili.

Nikatoka kwenda dukani kutafuta kitu cha kuipa dawa ladha. Nikakipata! Sharubati nzito ya stroberi, chupa kubwa. Rangi yake inavutia macho, nyekundu iliyoiva. Nikachanganya kidogo na maji ya uvuguvugu, nikaonja. Tamu! Nikaonja tena. Watoto wakaonja. Hata mke wangu, ambaye hataki kuniona, alipitisha kidole kwenye kikombe alipodhani sioni.

Bi Kipimo na bomba lake la sindano hajawahi kufikiria utamu. Hiyo ndiyo tofauti kati ya mpimaji na mbunifu.

Jumatatu, 15 Julai

Niandike yote kwa utaratibu.

Asubuhi nilifika mapema. Bi Kipimo akaja kwenye kitanda cha Mama mkwe, akasema kwa desturi mtu haandai ndugu yake, amwachie yeye. Nikamwambia, "Dada, huyu ni mama yangu kwa ndoa. Pitia kushoto." Akaenda, pua juu.

Nikachanganya. Safari hii sikukoroga kwa nguvu. Matone sawasawa, unga sawasawa, maji ya uvuguvugu, halafu stroberi, nayo sikuibania. Mama mkwe akanusa. Akaonja kwa ncha ya ulimi. Akanywa yote! Akalamba midomo, akasema kumbe na mimi nina kitu ninachokiweza. Tangu nimwoe binti yake hajawahi kunisifu. Machozi yalinilengalenga. Akakubali hata kugeuzwa. Kushoto, kulia, kifudifudi, chali. Alinuna lakini aligeuka.

Mpira ukaingia. Nilisimama karibu kabisa na skrini. Povu? Hata tone! Ute? Hakuna! Nikamtupia jicho Bi Kipimo.

Daktari akapiga kelele. Damu! Tumbo limejaa damu!

Nikatazama. Kweli. Ziwa zima, jekundu. Daktari akaagiza waite watu wa upasuaji, watafute damu ya kuongezea, waweke dripu ya pili. Watu wakaanza kukimbia. Nikapiga magoti, nikakumbatia nyayo za Mama mkwe, nikalia kwa sauti. Nikamwomba anisamehe kwa kila kitu: kwa gesi, kwa kochi lake nililoliuza, kwa kusema harusini kwamba amevaa pazia. Nilisema yote, mbele ya watu. Niliamini anakufa.

Bi Kipimo alikuwa amesimama tu. Akaokota kikombe kitupu kilichokuwa kando ya kitanda. Akakinusa. Akaniuliza, polepole sana, kama kuna damu yenye harufu ya stroberi.

Daktari akageuza kichwa akanitazama. Ile sura sitaisahau. Akajaribu kusafisha kwa maji, lakini utamu ule ulikuwa mzito, umeganda kwenye makunjo yote, na kila akiosha panabaki wekundu usiojulikana ni tumbo au ni mimi. Mama mkwe naye akaanza kuchoka na kusukuma mpira kwa mkono. Daktari akaacha. Akasema haiwezekani kuona lolote, arudiwe Jumatano. Watu wa upasuaji waliofika mbio na vifaa vyao waliambiwa sababu. Nilisikia kicheko chao mpaka ngazini.

Mke wangu hajasema neno. Amenihamishia godoro sebuleni. Mama mkwe yeye anasema, anasema sana, na kubwa linalomuuma ni kwamba alinisifu.

Jumatano, 17 Julai

Nimepigwa marufuku kukaribia kikombe chochote. Bi Kipimo ndiye aliyemwandaa. Nilitazama kupitia kioo cha mlango. Maji yake yasiyo na rangi, matone yake, kumgeuza kwake. Mama mkwe alikunywa akiwa amekunja uso, lakini alikunywa.

Skrini ikawaka, na hata kwa mbali, kupitia kioo kichafu, niliona. Safi. Kila kunjo. Daktari akapitisha kamera taratibu kwenye ukuta wa tumbo, pembe kwa pembe. Kisha akasimama. Mahali pamoja, nyuma ya kunjo, palikuwa na doa dogo lililopauka, na katikati yake kidonda. Chini ya povu kisingeonekana. Chini ya stroberi, basi tena.

Akachukua kinyama kidogo cha kupeleka maabara. Alipotoka alimwambia mke wangu kwamba hajui bado ni kitu gani, tungoje majibu. Na kwamba kama angeridhika na ile picha ya Jumatatu, mama angerudi nyumbani na doa lake. Mke wangu akanitafuta kwa macho. Nilikuwa nimejibanza nyuma ya mashine ya maji. Sikutoka.

Nyumbani kimya. Mama mkwe hanitukani. Anakaa na kutazama mikono yake. Nimemletea chai, ameipokea bila neno. Hilo ndilo lililonitia hofu kuliko yote. Nikaenda chooni nikakaa huko mpaka wakanigongea.

Jumatano, 24 Julai

Si saratani! Nimeliandika kwa herufi ndogo lakini nililipigia kelele barabarani. Ni kidonda cha vijidudu. Vidonge, chakula kwa mpango, kisha arudi apigwe tena picha waone kama kimepona. Daktari amesema kimewahiwa, kingeachwa kingetoboka. Mke wangu alimkumbatia Bi Kipimo. Mama mkwe alimkumbatia Bi Kipimo. Nami nikanyoosha mikono, ikabaki hewani.

Jioni Mama mkwe aliniita mkwe asiye na kazi. Raha iliyoje! Amerudi!

Ijumaa, 26 Julai

Wamenimaliza. Naingia chumba cha chai, namkuta Daktari na pini mkononi. Picha ya wiki. Naitazama, naijua. Lile kunjo nalijua, lile doa nalijua. Tumbo la Mama mkwe! Ukutani! Na chini yake, kwa herufi kubwa, jina la Bi Kipimo.

Nikasema hili ni tumbo la familia yangu. Nikadai walau waandike "kwa ushirikiano na", kisha jina langu. Daktari akasema ameshaomba ruhusa kwa mwenye tumbo, na mwenye tumbo ametoa kwa sharti moja tu, jina langu lisionekane popote karibu nalo.

Kisha akatangaza msimamizi mpya. Sina haja ya kuandika nani. Alikaa kwenye kiti, akazunguka nacho, akaniomba nimpishe kwenye kabati. Mimi nimehamishiwa stoo.

Nimekaa nimelitafakari jambo hili kwa haki, bila upendeleo. Nani alimpeleka Mama mkwe hospitali? Mimi. Kwa nini alipigwa picha mara ya pili? Kwa sababu yangu. Kidonda kilionekana mara ya ngapi? Ya pili! Kwa hiyo nani amemwokoa Mama mkwe? Nilimweleza mke wangu hesabu hii tukila. Akaondoka mezani na sahani yake.

Ijumaa, 2 Agosti

Stoo si pabaya hata kidogo. Wanaodhani wameniadhibu hawajaona mbali. Nina meza, nina feni, hakuna Bi Kipimo. Na leo nimegundua jambo lililonifanya nisimame peke yangu na kucheka. Dawa ya povu, matone yote ya hospitali nzima, hufika kwangu kwanza kwenye madumu makubwa. Mimi ndiye ninayeyagawa kwenye chupa ndogo. Hakuna mgonjwa atakayekunywa tone bila kupitia mikononi mwangu!

Nimekumbuka uso wa Mama mkwe siku ile alipolamba midomo. Wazo lilikuwa zuri. Kosa langu lilikuwa rangi tu, na hata hilo ni kosa la aliyechagua damu iwe nyekundu. Mtu mwenye akili hurekebisha pale palipoharibika, hatupi mpango mzima.

Nimepita dukani wakati wa mapumziko. Wana sharubati ya mnanaa, nzito, ya kijani kibichi kabisa. Nimeitazama kwenye mwanga wa dirisha la stoo. Nimejiuliza kwa makini, maana sasa mimi ni mtu wa makini: tumboni mwa binadamu kuna kitu gani cha kijani ambacho Daktari anaweza kukichanganya na hiki?

Hakuna. Nimefikiri na nimefikiri. Nyongo ni kitu cha mbuzi.

Nimeshatia kwenye dumu la kwanza. Mama mkwe anarudi mwezi ujao kuangaliwa kama kidonda kimepona. Chupa yake nimeijaza mimi mwenyewe, na yake nimeiongezea mnanaa.